Tochi za Mkaguzi wa Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika machinjioni saa kumi na moja alfajiri, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi, gambuti mpya miguuni, cheti cha chuo cha mifugo kwenye bahasha. Mkaguzi Mkuu, mtu mfupi asiyependa salamu ndefu, alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Tochi yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba nilidhani ofisi itanipa.

"Ofisi itakupa muhuri," akasema. "Macho na tochi unakuja navyo."

Akanirudisha. Siku ya kwanza ya utumishi wangu niliimaliza kwenye maduka ya Gongo la Mboto nikitafuta tochi, na tangu siku hiyo mimi na tochi hatujawahi kuelewana. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kazi hii, na kwa ajili ya wote wanaonisimamisha njiani hapa Boko: "Shikamoo mzee, eti nichukue tochi gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na wengi wao wakishajibiwa huenda kununua ileile niliyowakataza.

Kwanza muielewe kazi. Mkaguzi wa nyama anasimama kati ya ng'ombe aliyechinjwa na sufuria lako. Unachanja misuli ya shavu kutafuta tegu wachanga, ambao ni vijitone vyeupe kama punje ya mchele. Unapasua tezi, yale mafundo madogo ya shingoni na kifuani, kuona kama yana usaha wa kifua kikuu. Unaliminya ini uone kama minyoo bapa itatoka kwenye mirija. Ukiridhika, unagonga muhuri wa wino wa zambarau. Yote hayo hufanyika kabla hakujapambazuka, maana wenye bucha wanataka nyama iwe imetundikwa wateja wakiamka. Machinjio yetu yalikuwa paa la bati, sakafu ya saruji na taa moja iliyowaka ilipojisikia. Bila tochi ulikuwa unapiga ramli.

Mkaguzi Mkuu alinifundisha kununua tochi kabla hajanifundisha kushika kisu. "Usiimulike darini wala usoni mwa muuzaji," alisema. "Kila tochi inang'aa darini. Mulika kiganja chako. Ukiona wekundu wa damu yako, lipa. Ukiona kiganja cha maiti, irudishe."

Halafu akanipa sharti moja, na alinirudishia mara tatu ili nisije nikasema sikusikia. Kuna ugonjwa tunauita manjano. Ini au damu ya mnyama ikiharibika, shahamu, mishipa na weupe wa jicho vyote hugeuka rangi. Nyama hiyo hailiwi. Lakini manjano hayaamuliwi kwa tochi, hata tochi ya mfalme, kwa kuwa taa inaweza kuleta rangi isiyokuwepo au kuficha iliyopo. "Ukishuku manjano, mwache kwenye kulabu usubiri jua," alisema. "Mwenye ng'ombe alie, atukane, azimie. Wewe subiri jua."

Nilikaa naye miaka minne, kisha nikahamishiwa Mbagala nikiwa mkaguzi kamili. Huko tochi zilitoka ofisini, nikakutana na Ofisa Ugavi, na Mungu anisamehe, mpaka leo nikimkumbuka kichwa kinaniuma. Alikuwa akinunua vitu kwa kusoma boksi. Alituletea tochi za bati jembamba ambazo swichi yake haikukubali mpaka uipige kofi, pamoja na betri zilizolala stoo mpaka zikatoa ute. Nilimwandikia barua, nikaipeleka mwenyewe mezani kwake.

"Dokta," akasema bila kuifungua, "tochi inawaka haiwaki?"

"Inawaka, lakini..."

"Inawaka. Sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa hili. Zama hizo tochi zilikuwa za globu. Betri zikichoka, globu haizimiki ghafla bali mwanga hushuka polepole, unageuka njano, kisha rangi ya chai. Jicho linauzoea kila siku kidogo, na wewe unaendelea kuamini kwamba unaona.

Pale machinjioni alikuwa akija Mama Zuhura, mjane wa watu wa Masasi aliyerithi bucha ya mumewe. Wenye bucha wengine walituma wachuuzi, yeye alikuja mwenyewe na kusimama pembeni ya ng'ombe wake mpaka mwisho. Alfajiri moja alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa shughuli ya harusi mtaani kwake, na alikuwa na haraka.

"Dokta, nipigie muhuri basi, wapishi washateka maji."

Wiki hiyohiyo Daktari wa Mifugo wa Wilaya alikuwa amenisimamisha mbele ya wenzangu kwa sababu ya ini moja lenye minyoo lililonipita. "Likikupita jingine, hilo koti unalivua," aliniambia. Kwa hiyo nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huwa mkali. Nikamulika shahamu ya mgongoni, nikaiona ya njano. Nikamulika jicho, njano. Nikasema, "Huyu ana manjano. Hafai."

Mama Zuhura aliinama akamtazama ng'ombe wake. Kisha akasema taratibu, "Dokta, si mnasubirigi kuche kwanza? Tusubiri basi uangalie vizuri. Mie watu wa harusi nitawaomba radhi."

Sharti la Mkaguzi Mkuu, alilonirudishia mara tatu, nilikuwa nakumbushwa na mwenye bucha. "Mkaguzi hapa ni mimi au wewe?" nikafoka. Nikaamuru nyama ichanjwe, imwagiwe mafuta ya taa na itupwe shimoni, kama kanuni inavyotaka kwa nyama mbovu.

Jua lilipochomoza nilikwenda kuhakikisha shimo linafukiwa. Nikatazama chini. Shahamu ilikuwa nyeupe. Kile kichwa kilikuwa kimelala ubavu, na jicho lilikuwa jeupe. Ng'ombe alikuwa mzima kuliko mimi. Ng'ambo ya shimo alisimama Mama Zuhura, mikono ameikunja chini ya khanga. Nilimgeuzia mgongo, nikafungua daftari la ukaguzi na kuandika: Manjano. Nyama imeharibiwa.

Habari zilimtangulia kufika mtaani. Kwamba Mama Zuhura ananunua ng'ombe wagonjwa, kwamba alitaka kuwalisha watu harusini. Wateja wakahamia bucha nyingine, na kabla mwaka haujaisha bucha ya mumewe ikawa duka la mkaa. Sentensi moja kutoka kwangu ingemsafisha. Sikuisema, kwa kumwogopa Daktari wa Wilaya na kuvuliwa koti. Nilichofanya ni kumpelekea Ofisa Ugavi barua nyingine kali kuhusu tochi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Tegeta, na huko ndiko nilikojulikana kwa jina la Mzee Tochi. Globu zilikuwa zimekwisha, zimeingia tochi za LED, na watu wakadhani shida imekwisha. Imekwisha wapi! Zile za bei poa nyingi hutoa mwanga wa bluu, unaoficha manjano kabisa na kuifanya kila nyama ionekane imekufa juzi. Namba zilizoandikwa kwenye boksi msizisome, ni hadithi. Nimeona tochi ya kidole imeandikiwa mwanga wa kutosha uwanja wa mpira.

Basi sikilizeni, na safari hii msinirudishe nyuma. Chukua tochi inayotumia betri zinazouzwa kila duka la mtaani kwako, za saizi ya rimoti. Zile zenye plagi ya kuchomeka ukutani, ile betri ya ndani ikichoka hakuna wa kukubadilishia, unatupa tochi nzima. Swichi iwe moja, ubonyeze iwake, ubonyeze izime. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba raia anayetafuta choo anahitaji taa ya kumetameta kama gari la polisi, na kwamba ni lazima abonyeze mara tano ndipo izime! Fungua kifuniko utazame kama kuna duara la mpira la kuzuia maji. Kama halipo, mvua ya kwanza ndiyo ya mwisho. Iachie kutoka usawa wa kiuno ianguke sakafuni. Muuzaji akipiga kelele, umeshapata jibu. Na usipoitumia muda mrefu, toa betri, la sivyo zitavujia humo na kuila springi.

Msiniambie habari za simu. Simu ina tochi, nakubali, na kisu cha mkate kina ncha. Nimemwona kijana mwenye digrii akimulika ini kwa simu, mara ikaingia meseji, akasimama akaisoma na damu inamtiririka kiwikoni.

Nilipostaafu, ofisi ilinifanyia hafla. Mkuu wa Idara alitoa hotuba nzuri kuhusu uadilifu wangu. "Huyu mzee hajawahi kugonga muhuri kwa shaka," alisema, watu wakapiga makofi, nami nikatazama sahani yangu. Kisha wakanikabidhi zawadi. Ilikuwa tochi kubwa kama kidumu, yenye redio, king'ora, sola mgongoni na mwanga wa bluu. Ilidumu miezi mitatu. King'ora chake kililia siku mbili zaidi.

Mwezi uliopita, mchana baada ya chakula, nilisikia hodi. Niliijua sauti kabla sijaiona sura. Mama Zuhura amezeeka, kama mimi. Anaishi Tegeta kwa bintiye, anafuga kuku na kuuza vifaranga. Majirani walikuwa wamemwambia kuna mzee Boko anajua tochi, naye akasema huyo anamfahamu.

Akaketi, akakubali maji, akatoa tochi mbili kwenye mkoba. "Nimekopeshwa dukani nizijaribu, Dokta. Mie nataka ya kumulikia mayai ya kutotolesha. Nilione lenye uhai na lililo tupu. Ipi hapa itanifaa?"

Nilishukuru kupata cha kushika. Nikaingia naye chumbani kwenye giza kidogo, nikatoa mfukoni punje mbili za mahindi, moja nyeupe, moja ya njano, nikaziweka kiganjani na kuzimulika kwa zamu.

"Hizo punje za nini?"

"Naangalia kama tochi inazitofautisha rangi."

"Ulianza lini kufanya hivyo?"

Nikajua pa kukimbilia hakuna. Nikazima tochi. "Mama Zuhura, yule ng'ombe wako wa harusi..."

"Alikuwa mzima," akasema. Hakupandisha sauti. "Jua limetoka tuko pale sote wawili."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, Dokta? Mwenye kalamu ulikuwa wewe."

Nikaanza kumweleza habari za Ofisa Ugavi, za betri zilizochakaa, za globu inavyogeuka njano. Nilizungumza sana. Aliniacha niende mpaka pumzi ikanipungua, kisha akasema, "Tochi iache. Mie nilikwambia tusubiri kuche."

Miaka yote nilikuwa nagombana na wauza tochi, maofisa ugavi na wanangu mwenyewe, na sababu ilikuwa hii moja: ilikuwa rahisi kwangu kuichukia tochi kuliko kumtaja mtu aliyeishika. Nikamwomba msamaha. Niliona aibu, na machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Kusamehe nilishasamehe," akasema. "Nilikuwa na watoto wa kulisha, ningeishi vipi na kinyongo? Lakini bwana, mpaka leo nikienda misibani Mbagala, kuna watu wananong'ona, huyu ndo yule wa nyama ya ng'ombe mgonjwa. Zuhura mwenyewe aliulizwa ukweni kwake. Wewe uliandika. Andika tena."

"Lile daftari sijui hata liko wapi."

"Sijasema daftari. Andika watu wasome."

Alichukua ile tochi ndogo niliyomchagulia, akaaga, akaenda zake. Nami nikakaa mezani. Nimezunguka sana mpaka kufika hapa, nimewachosha kwa swichi na springi, na mnajua sasa nilikuwa nakwepa nini. Kwa hiyo wale wa Mbagala mnaokumbuka harusi ile, na wana wenu mliowasimulia, someni ukaguzi huu, na msomeeni asiyeona vizuri.

Ng'ombe mmoja, mali ya Mama Zuhura. Amekaguliwa kwa mwanga wa jua na mkaguzi aliyechelewa. Macho meupe. Shahamu nyeupe. Mwenye ng'ombe aliomba tusubiri kuche, mkaguzi akakataa, kisha akaandika uongo. Nyama ilifaa kuliwa.