Homa ya Alkhamisi

Nikiikumbuka Alkhamisi ile, mpaka leo uso unaniwaka, na bora nikusimulieni mwenyewe kuliko kusimuliwa na watu wa Matrah, mji wetu huku Omani, maana wao huongeza chumvi (na wallahi chumvi haihitajiki).

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu tangu tutoke Unguja. Nilikuwa nimeshapindukia arubaini, lakini kwenye timu ya kriketi niliwaambia thelathini na tatu, wakaniamini kwa kuwa mpira wangu ulikuwa bado una kasi. Timu ile ndiyo iliyonishika roho. Mji mzima nilikuwa yule Mzinjibari aliyekuja juzi, lakini Ijumaa uwanjani nilikuwa mtu. Siri yangu ilikuwa moja: siku ya kabla ya mechi mkono wangu haunyanyui hata ndoo ya maji. Kijana hurusha leo na kesho akarusha tena. Mtu wa umri wangu asipopumzika, bega linagoma.

Wiki ile tukaitwa Alkhamisi kushusha magunia ya mchele kwenye bohari nilikokuwa nikifanya kazi pamoja na nusu ya timu. Mke wangu, Zuwena, akaniambia, "Si useme tu bega linataka kupumzika? Kwani kuzeeka wizi?" Nikaona huyu ananitafutia aibu. Nikapeleka salamu kuwa nna homa, nikajilaza.

Nilisahau kuwa Matrah mgonjwa haachwi peke yake. Kabla ya adhuhuri chumba kimejaa majirani, kahawa inazunguka, halwa inaliwa, na mimi nimejifunika blanketi katika joto lile, jasho linanichuruzika mpaka homa wakaiamini. Kisha akaingia Bi Shamsa, jirani aliyekuwa akitibu watu kwa kuwachoma kwa chuma cha moto, akaniuliza kwa Kiarabu panaponiuma. Ningesema kichwa angenichoma kichwa, ningesema tumbo angenichoma tumbo, nami kwa kubabaika nikasema neno la kweli pekee nililolisema siku ile: bega. La kulia. Chuma kikatiwa makaani, wanaume wawili wakanishika, na baadaye wote wakanisifu nimevumilia kiume, kumbe sauti ilikuwa imenikauka.

Ijumaa nikaenda kucheza (ndiyo, nilikwenda, kichwa changu kigumu). Nikakimbia, nikainua mkono, kidonda kikapasuka, nikapiga yowe na mpira ukaniponyoka ukaruka nyuma, ukaliangusha birika la kahawa miguuni mwa wageni waheshimiwa. Uwanja mzima ukacheka. Kapteni wetu, Kanji, mzaliwa wa Unguja kama mimi, akanifunua shati, akaliona lile jeraha, akaniuliza imekuwaje. Nikamweleza yote, na umri wangu pia, timu nzima imetuzunguka. Yeye hakucheka.

"Ungeniambia, ningekupa Ijumaa moja ucheze, moja ukae," alisema. "Ungecheza miaka. Sasa nenda kapumzike, bwana."

Nikapumzika. Kidonda kilipona, na bega halijaniuma tena, maana halina kazi. Kila Ijumaa nilikuwa nikiyasikia makofi ya uwanjani nikiwa nimekaa barazani na Zuwena. Nilitaka mapumziko ya siku moja tu. Tangu hapo mtu akiniuliza umri wangu namtajia, na mwaka mmoja nauongeza juu.