Komando Hajatahiriwa

Ndugu zangu, bado natamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitoka Mbalibali kutafuta kazi machimboni Kemambo, enzi zile kila mtu anaikimbilia dhahabu. Nikakaa kwa mama muuza uji kumsubiri msimamizi wa duara, yaani lile shimo la kuchimbia. Pembeni wachimbaji wawili wanabishana: "Komando na Ninja wakipigana, nani atashinda?"

Weee! Kwenye banda la video kule Mugumu, hakimu wa mabishano hayo nilikuwa mimi. Komando wa picha za Kimarekani namjua. Ninja wa Kijapani namjua. Hawajawahi kukutana kwenye mkanda mmoja, lakini mimi huwapambanisha kichwani. Nikadakia bila kukaribishwa:

"Komando mnyang'anyeni bunduki muone! Atalia kama mtoto. Kwanza yule hata kutahiriwa hajatahiriwa!"

Kwa sisi Wakurya, mwanaume haambiwi hivyo ukabaki salama. Mama wa uji akadondosha kikombe.

Nyuma yangu jitu lenye kofia ya mgodini likaniinamia sikioni.

"Komando ni mimi, msimamizi wa duara. Hebu niambie, kijana, uliniona lini?"