Dawa ya Ugonjwa Uliokwisha Kutolewa

Nilimwambia daktari anionyeshe alichotoa.

Haukuwa ujeuri. Kwetu Changamwe, ninakouza spea za malori tangu miaka ya themanini, ndiyo desturi. Fundi akikubadilishia kipuri, cha zamani anakurudishia mkononi, kichafu vile vile na grisi yake, ukione kilivyolika. Asiyekirudisha, jua hakubadilisha kitu. Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Nilianza kwa kuwa tanboi, utingo, nikilala juu ya magunia nyuma ya lori, na leo wenye malori yao wanakuja dukani kwangu kuniuliza spea ipi halisi na ipi feki, nami naijua kwa kuishika tu. Sikufika hapo kwa kuamini watu.

Sasa mke wangu amelazwa, titi la kushoto limekatwa kwa ajili ya saratani, na mimi nataka kukiona kilichotoka. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, akanijibu kimepelekwa Nairobi kupimwa.

"Chote?"

"Chote, mzee."

"Na hakirudi?"

"Hakirudi."

Jambo hilo nikaliweka moyoni.

Majibu ya Nairobi yalipofika alituita sote wawili. Akasema habari ni njema: uvimbe ulikuwa mdogo, umetoka wote, na kwapani hamkuonekana kitu. Mke wangu akasema alhamdulillahi. Mimi nikaanza kuinuka.

"Keti kwanza, mzee," akasema.

Akatueleza polepole. Ziko saratani za titi zinazolishwa na homoni za mwanamke, na hizo zina vidonge vyake vya kuzizuia zisirudi. Ya mke wangu si ya aina hiyo. Hiyo yake haijali homoni, vidonge haviifanyi kitu, na ni kali. Ikirudi, hurudi mapema. Ushauri wake ni dawa za kupitisha mshipani, kwa miezi, ziue mbegu zozote za saratani zilizotawanyika mwilini kabla ya kisu. Atatapika. Nywele zitaanguka. Atakuwa mwepesi wa kupata homa, na homa yenyewe si ya kufanyia mchezo.

"Mbegu hizo mmeziona?" nikauliza.

"Hazionekani."

"Lakini zipo."

"Huenda zipo, huenda hazipo. Sijui, mzee. Nikingoja hadi zionekane, nitakuwa nimechelewa."

Wallahi, nilikaribia kucheka. Mafundi wa namna hiyo nimewafukuza kwangu sijui wangapi. Anakwambia gari limepona barabara, kisha anataka kuishusha injini kwa ajili ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni. Nikamwambia tutafikiri. Akasema tufikiri, lakini tusikae sana.

Hilo la kuharakishwa nalo nikaliweka moyoni. Mwenye bidhaa mbovu ndiye anayekuharakisha.

Nyumbani Mikindani mke wangu alikuwa akikunja nguo za watoto, mkono wa kushoto bado hauinuki vizuri.

"Wanataka kukuuzia dawa tu," nikamwambia. "Ugonjwa umekwisha, lakini duka lazima liendelee."

"Kwani yule kijana ana duka?"

"Kila mtu ana duka."

Akakunja shati jingine. Mke wangu ni mtu wa Likoni, wa kule Mtongwe, kujibu hakujawahi kumshinda.

Mimi nina njia yangu ya kumpima fundi, na haijawahi kunitupa. Unakichukua kitu kile kile unakipeleka kwa mwingine, wala humwambii wa kwanza alisema nini. Ukimwambia tu, umeharibu. Wa pili ataimba wimbo ule ule. Basi nikamtafuta daktari mwingine kule mjini, mzee aliyesifiwa na wengi, nikampakia mke wangu kwenye pikapu.

"Majibu ya Nairobi usiyataje," nikamwagiza njiani. "Mwache aone mwenyewe."

"Na akiuliza?"

"Nitajibu mimi."

"Haya," akasema. Haya ile niliijua, ningeiogopa kama ningekuwa na akili ya kuogopa siku ile.

Daktari wa pili akatazama kidonda, akaminya kwapani, akasifu kazi ya kisu. Kisha akauliza kama uvimbe ulipimwa kujulikana unalishwa na homoni au la.

"Bado," nikasema mimi.

Akafikiri. Akasema basi, kwa kuwa vidonge huwafaa wengi, aanze navyo, kimoja kwa siku, huku tukitafuta kupimisha.

Nilimgeukia mke wangu kwa uso wa mshindi. Vidonge! Hakuna sindano, hakuna kunyonyoka nywele. Njia yangu imefanya kazi tena. Nikasimama kumpa daktari mkono.

"Walipima, daktari," mke wangu akasema.

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Walipima Nairobi. Walisema yangu haina habari na homoni, na vidonge hivyo havitanisaidia. Mume wangu anakujaribu. Ndivyo anavyonunua gia boksi."

Yule mzee akaweka kalamu chini. "Bwana," akaniambia, "ungetoka hapa na dawa isiyomfaa, na ungefurahi."

Na kweli nilikuwa nimeshafurahi.

Akasema basi, kama ndivyo, naye angemshauri dawa za mshipani. Maneno karibu yale yale ya yule kijana. Nikamuuliza kama walipigiana simu. Akacheka mpaka akakohoa.

Kurudi tukakwama Makupa, malori yamefungana mbele na nyuma. Nikamwambia mke wangu madaktari hawa wote wamesoma kitabu kimoja, kwa hivyo kuwauliza wawili ni sawa na kumuuliza mmoja.

"Nitazichukua hizo dawa," akasema.

"Na kama hamna mbegu yoyote?"

"Nitakuwa nimetapika bure. Nilitapika kwa mimba zako zote, sikufa."

"Na nywele?"

"Nywele zangu nani azionaye zaidi yako? Nje nitatoka na buibui langu kama siku zote. Weye ndiye utakayezoea." Akageuka kunitazama. "Sikia, mume wangu. Weye waogopa kudanganywa. Mimi naogopa kuwaacha watoto. Hofu yako nimeibeba vya kutosha, sasa niache nibebe yangu."

Nikapiga honi, ingawa hakukuwa na pa kwenda.

Kwa yule kijana tulirudi wiki ile ile. Mke wangu akasema yuko tayari. Daktari akanitazama mimi, maana pale watu wamezoea kuwa mume asiposema ndiyo, hakuanzwi kitu.

"Umekubali, mzee?"

Sikukubali. Mpaka leo ukiniuliza, sikukubali. Nikamwambia, "Muulize mwenye mwili."

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu. Nikamtaka nesi anionyeshe chupa na tarehe yake, nikaigeuza, nikatazama kizibo kama kimewahi kufunguliwa. Mke wangu akaniambia ninyamaze au nikakae nje. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake. Jioni nilimshikia beseni akitapika, na mkojo wake ulipotoka mwekundu nikataka kurudi kumkamata yule daktari shati, mpaka mke wangu akanikumbusha kwamba tuliambiwa utakuwa hivyo.

Yu hai, na nywele zimerudi, laini kuliko za kwanza. Mimi husema huenda alikuwa amepona siku ile ile ya kisu. Yeye husema huenda, lakini siku nitakayougua mimi atanipeleka kwa daktari mmoja tu, na atajibu yeye.

Nimemwambia nitakwenda kwa watatu.