Laptopu ya Mjomba Mukhtar

Nuria Guyo hufundisha darasa lisilo na ukuta. Mvua zikiisha na nyasi za kandokando ya Garsen zikianza kugeuka rangi, ng'ombe huteremshwa kwenye malisho ya delta, familia huwafuata ng'ombe, na Nuria hufuata familia. Huko hufunga turubai kwenye vigingi vinne, hutandika mikeka, na kuwasomesha watoto mpaka saa ya kuwanywesha ndama.

Yeye mwenyewe alisoma kwa sababu ya msiba. Alikuwa msichana mdogo ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba yake, na mtoto ambaye hakuwa tena na ndama wa kuchunga akapelekwa shule, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na kazi nyingine ya kumpa. Husimulia hivyo bila machozi, na mtu anayemsikia huweza kudhani anaushukuru ule ukame. Haushukuru. Majina ya wale ng'ombe anayo yote mpaka leo. Ameamua tu kwamba mtoto wa mwenzake asingoje ng'ombe wafe ndipo ajue kusoma.

Kazi hiyo huifanya kwa ubao, chaki na laptopu. Masomo ameyarekodi kwa sauti yake na kuyaweka kwenye flashi, kwa Kiorma na kwa Kiswahili, pamoja na picha za vitu ambavyo watoto wanavijua: kibuyu cha maziwa, mamba, korongo, lori la ng'ombe. Laptopu yenyewe ni ya mjomba wake Mukhtar, ndugu wa mama yake, aliyeinunua zamani alipokuwa akisafirisha mafahali kwenda Mombasa. Alipoacha safari hizo alimpa Nuria na kumwambia, "Nimekukopesha. Kamua."

Kwao neno hilo si la mchezo. Mwenye mifugo humtoa ng'ombe wa maziwa akamkabidhi ndugu aliyepungukiwa. Maziwa ni ya aliyekopeshwa. Anywe, anyweshe na wanawe. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, hata miaka ikipita, hata mwenyewe asipomtembelea. Hauzwi, habadilishwi, hachinjwi.

Kiangazi kilichopita laptopu ile ilizeeka ghafla, kama watu wazeekavyo. Ukiiwasha, kiduara kilizunguka kwenye skrini, watoto wakakitazama kikizunguka, feni ikavuma, na betri iliyojazwa kwa sola ikaisha kabla ya herufi ya kwanza kutajwa. Mama zao walivumilia, kisha wakaanza kuwaita mmoja mmoja. Njoo, ndama wametoroka. Njoo, maji yamekwisha. Msimu ulipofika mwisho, mikeka ilikuwa mitupu zaidi ya nusu. Mama mmoja, Madina, mwenye ulimi usiopumzika, alimwambia Nuria mbele ya wenzake:

"Mwalimu, mwaka ujao kama utakuja na sanduku lako linalolala, usije. Usingizi tunao wa kutosha."

Walicheka wote, na Nuria akacheka nao. Lakini alijua kwamba kwenye malisho anayesikilizwa ni Madina. Madina akiwazuia wanawe, kesho yake wengine watawazuia wao, na darasa litakuwa limekufa bila mtu kulipiga.

Sasa kiangazi kingine kilikuwa kimeingia. Mjomba Mukhtar alishatangulia na kundi mahali ambapo simu haishiki, na familia zilizobaki zingeondoka mara baada ya siku ya soko. Asubuhi ya soko hilo Nuria aliifunga laptopu kwa leso na kuipeleka kwa Jasper.

Jasper ni Mpokomo wa Ngao. Walisoma pamoja chuo cha ualimu, na sasa anafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Siku ambazo hana vipindi hutengeneza mashine za watu katika chumba kimoja Garsen, nyuma ya duka la dawa za mifugo.

"Karibu, mtu wa ng'ombe," alimwambia. "Leo umeniletea maziwa?"

"Nimekuletea mgonjwa, mtu wa ndizi. Na kesho nasafiri naye."

Jasper aliiwasha. Waliongea habari za wanachuo wenzao, nani ameolewa, nani amezikwa, na mashine ikawa bado haijaamka. Akaiinamia, akatega sikio.

"Haijafa," alisema. "Imebebeshwa mzigo tu. Huu mfumo uliomo kila mwaka unaongezewa hiki na kile, na punda ni yuleyule, mgongo uleule. Tutaweka mfumo mwingine, Linux, ile nyepesi kabisa. Inaamka upesi na haili betri. Ila sikiliza hapa."

Nuria alisikia mlio mdogo ndani ya mashine, ka, ka, ka, kama mtu anayebisha mlango bila matumaini.

"Hiyo ni diski. Imechoka."

Alichomeka flashi yenye mfumo mpya, akazima, akawasha huku akibonyeza kitufe kwa pupa. Mashine ikaipuuza flashi na kurudi kwenye kiduara chake. Akajaribu tena, ikampuuza tena. Mara ya tatu aliingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akaiamuru itazame flashi kwanza. Skrini ikawa nyeusi, mistari midogo ya maandishi ikapita mbio, kisha ukatokea uso safi wa buluu, bila duara, bila kungoja.

"Imeamka!" Nuria alisema.

"Hapo inatembelea flashi tu. Sasa tuiweke ndani ikae." Jasper alisogeza kishale. Mashine ikauliza kama ifute kila kilichomo kwenye diski. "Naam, mama, futa."

Nuria akafunika kibodi kwa kiganja.

"Ngoja. Humo mna nini?"

"Mafaili ya zamani. Picha. Kwani si yako?"

"Ya mjomba. Amenikopesha."

"Tangu lini?"

"Miaka."

"Basi ni yako hiyo! Haya, mpigie umuulize."

"Nimempigia tangu juzi. Hapatikani."

Jasper aliegemea kiti chake. "Nuria, sisi kwetu mto ukipanda unachukua mahindi, unachukua migomba, unachukua hata choo. Ukishuka hatumwulizi mtu. Tunapanda juu ya yale matope, na yanazaa kuliko mwanzo. Futa, bwana."

"Shamba ni lako, Jasper. Ng'ombe wa kukopeshwa si wako. Ukimchinja, hata kama ni mzee, hata kama angekufa kesho, umeiba."

"Na hii ikikufia huko malishoni?"

"Itakuwa imekufa. Sitakuwa nimeiua."

"Na darasa?"

Nuria aliacha kiganja palepale juu ya kibodi. Nje wanunuzi walikuwa wakibishana juu ya fahali, na vumbi la soko liliingia kwa dirisha na kutua polepole juu ya meza. Mjomba Mukhtar pengine hakumbuki hata picha moja aliyoiacha humo. Hilo Nuria alilijua, na ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Kuchunga kitu ambacho mwenyewe anakililia ni rahisi. Kuchunga kile ambacho mwenyewe amekisahau hakuna shahidi wala asante, na ndiyo maana wengi wetu huko ndiko tunakoangukia.

Baadaye aliuliza, "Diski hutoka?"

"Hutoka. Skrubu chache tu."

"Na mashine bila hiyo inaishi?"

"Ikipewa nyingine, inaishi."

"Basi itoe."

Jasper alichukua bisibisi. Nuria alimweleza huku akimshikia tochi ya simu: ng'ombe wa kukopeshwa akifa mikononi mwako, unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi. Mwenyewe anaitazama, anaiona alama yake, anajua hukumuuza wala hukumla kwa siri. Hapo hakuna kesi.

"Kwa hiyo hii ndiyo ngozi?" Jasper alikuwa ameishika ile diski kwenye kiganja. Mdomo wake ulijiandaa kucheka, halafu ukaacha.

"Ndiyo ngozi."

Jasper alimkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akapekua katoni iliyojaa nyaya, akatoa diski nyingine, nyembamba, ambayo aliiokoa kwenye laptopu yake mwenyewe mafuriko yalipoiharibu.

"Na hii nimekukopesha," alisema.

"Usinikopeshe, Jasper. Nina mzigo wa mkopo mmoja tayari."

"Haya, nimekupa. Sisi watu wa mto ng'ombe wenyewe hatuna."

"Ndani yake?"

"Mitihani ya zamani na nyimbo za kwaya. Futa wewe, kwa kidole chako."

Nuria akabonyeza. Safari hii hakusita. Mfumo ulipokuwa ukijipanga walikunywa chai, na mashine ikauliza maswali yake: lugha gani, saa za wapi, yenyewe iitwe nani. Kwa swali la mwisho Nuria aliandika jina la ng'ombe mmoja wa baba yake, mwekundu, aliyekuwa na pembe iliyopinda kuelekea jicho. Walipoizima na kuiwasha upya, Jasper alikuwa bado hajameza funda la chai alilokuwa nalo mdomoni. Ilikuwa imeamka.

Kule malishoni Nuria alimkuta mjomba wake asubuhi, ameketi juu ya kidumu, anakunywa chai ya maziwa. Baada ya salamu na habari za mji, alifungua leso akamwekea diski mkononi.

"Hii nini?"

"Ngozi, mjomba."

"Ile laptopu imekufa?"

"Haijafa. Kiungo hiki ndicho kilichokuwa kinakufa, nikakitoa, nikaweka kingine. Mambo yako yote yamo humo. Sikufuta, sikufungua."

Mzee Mukhtar aliigeuza huku na huku kama anayetafuta alama. Halafu bega lake likaanza kutikisika.

"Wallahi! Nimezaliwa kwenye ng'ombe, nitafia kwenye ng'ombe, sijaona mnyama anachunwa ngozi na bado anakamuliwa! Njooni muone! Mwalimu amechuna kompyuta!"

Watu wakaja, na Madina mbele yao.

"Inaamka sasa," aliuliza, "au umetuletea usingizi ule ule?"

"Tandika mkeka uone," Nuria alimjibu.

Mzee Mukhtar alikuwa ameacha kucheka. "Mwanangu, mambo ya humo hata siyakumbuki. Lakini umefanya kama watu. Sasa na mimi nina dai. Maziwa ni yako, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Nimekukopesha miaka yote hii, ndama wangu sijamwona."

"Ndama wako, mjomba, yuko kule," Nuria alisema, "anachunga ndama."

Wote wakageuka. Mbali kidogo, Ikhlas, binti mdogo wa Mukhtar, alikuwa akiwarudisha ndama kwenye kivuli. Hajawahi kukaa kwenye mkeka wa darasa hata siku moja. Kila msimu baba yake alisema mwaka ujao.  Mzee aliizungushia ile diski leso, akaipachika kwenye kikunjo cha shuka yake.

"Nani atachunga?" aliuliza hatimaye.

"Wewe huna miguu?" Madina akamdaka.

Kicheko kilichofuata kiliwashtua hata ng'ombe. Nuria hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti chini ya turubai, anaunganisha waya wa sola na flashi yake ya masomo, na watoto walikuwa bado wanasukumana kugombea nafasi mashine ilipowaka. Sauti yake ikasikika kutoka ndani, ikitaja herufi ya kwanza, na watoto wakaitikia kwa pamoja. Ikhlas naye alikuja, akaketi nyuma kabisa, fimbo yake ameilaza mapajani.

Ndama mmoja akalia. Ikhlas akageuza shingo, tayari kuinuka. Mzee Mukhtar alimwashiria kwa mkono akae, akamimina makapi ya chai chini, akainuka taratibu huku akinung'unika kuhusu magoti yake, na kumwendea yule ndama.