Miche Imeuawa na Mwanga

Baba yangu aliingia kaburini bila kulitamka tena neno mwanga. Kibatari chetu kilikuwa na nuru. Dirisha lilileta nuru. Hata betri za tochi zikichoka, alisema nuru imepungua, na wadogo zangu wakacheka chini kwa chini kwamba mzee anahubiri. Mama aliwakata jicho, wakanyamaza. Mimi sikucheka hata siku moja. Nilikuwepo neno hilo lilipomtoa kijijini bibi yangu, mama yake mzazi, na aliyelisema alikuwa baba mwenyewe.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, upande wa Chanzuru, ndani ya shamba la mkonge ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda zake Ulaya. Wakati wa kuhamia vijijini, sisi tulishushwa kutoka milimani kwa lori, na kuku wetu na jiwe letu la kusagia. Tukawakuta waliokuwa wakikata mkonge hapo, watu wa kila pembe ya nchi. Tuliitana ndugu asubuhi hadi jioni, lakini hakuna aliyemjua babu wa mwenziwe. Mtu akisingiziwa, hapakuwa na wa kusimama aseme, "Huyu namjua, nimelala kwa mama yake." Tulikuwa ndugu wa mdomoni tu.

Yule mzungu aliacha nyuma ya bungalo lake nyumba ya kioo, kuta kioo, paa kioo, alimokuwa akikuza maua ya mkewe. Kijiji kikaamua humo humo tutakuza miche ya michungwa ya shamba la ujamaa. Baba alikuwa amesoma misheni hadi darasa la nane, akapata na mafunzo ya kilimo, kwa hiyo alikabidhiwa yeye. Bibi akapewa kazi ya kumwagilia. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, nashinda nyumbani, basi nikawa nachota maji.

Nyumba ile ilikuwa na tabia yake. Baba alisema kioo kinameza jua na hakilitemi. Nje unatafuta kanga ya kujifunika, ndani jasho linakutoka. Kwa hiyo kiangazi kilipokolea alipanda ngazi akapaka paa chokaa, ule weupe ukazuia nusu ya jua. Madirisha ya juu yalifunguliwa kabla joto halijapanda, na sakafu tukaimwagia maji hewa ipoe. Miche yenyewe ilinyweshwa alfajiri tu, maana ukiipa maji saa sita mizizi inachemka kama mboga sufuriani. Bibi aliamka na jogoo wa kwanza. Aliingia peku, ndoo mkononi, akiongea na miche kwa kilugha chetu cha milimani, kopo kwa kopo. "Kunywa, mume wangu," aliwaambia, maana kwetu bibi huwaita hivyo wajukuu wa kiume, na yeye wajukuu wake wa kiume walikuwa wamebaki wawili tu. Ikaota, jamani! Majani yalimeta, miche ikafika kimo cha kiganja, na watu wakaja kuchungulia mlangoni wakisema mwaka ule mvua za masika zitatukuta tunapanda.

Kisha tukaambiwa anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani. Loo, kijiji kikapagawa! Tulifagia mpaka njia za mbuzi. Katibu wa kijiji, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, alipita akikagua, akafika kwenye nyumba ya kioo akasimama, mikono kiunoni.

"Ndugu, hii ni nini? Kioo kichafu hivi?"

"Si uchafu, ndugu katibu," baba alisema. "Ni chokaa. Inapunguza jua."

"Wewe, mmea unataka jua au hautaki?"

"Unataka, lakini..."

"Basi. Kijiji cha ujamaa hakina cha kuficha. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Anataka aone miche akiwa bado ndani ya gari. Osheni."

Tukaosha. Baba alishika tambara pamoja nasi, mdomo ameubana. Kioo kikang'aa hata ndege wakakigonga. Katibu akafunga madirisha ya juu, akatia kufuli mlangoni ili mbuzi na watoto wasiharibu, akaondoka na ufunguo kwenda stesheni ya Kilosa kumpokea mgeni.

Mgeni hakuja siku ile. Wala kesho yake. Wageni wakubwa ndivyo walivyo, na katibu naye akabaki huko huko mjini akimngoja. Jua la Januari likakaa juu ya kile kioo kitupu. Bibi aliamka kila alfajiri kama kawaida yake, akakuta kufuli, akazunguka ile nyumba na ndoo yake ya maji, anabisha kioo, anaisemesha miche iliyokuwa ikinyauka mbele ya macho yake. Aliyetoka kwenda kuchota maji alimwona. Aliyetoka kwenda haja alimwona. Bikizee peku, kanga moja, anazunguka nyumba gizani akinong'ona lugha isiyojulikana.

"Vunjeni kioo kimoja," alimwambia baba. "Kimoja tu, wapumue."

"Mali ya kijiji, mama. Nitafungwa."

Mgeni alipofika, aliona miche akiwa bado ndani ya gari, kweli. Yote ilikuwa imekauka, rangi ya tumbaku. Hakushuka hata kunywa soda aliyowekewa. Gari liligeuza, na katibu akabaki amesimama kwenye vumbi lake.

Mkutano uliitwa jioni ile ile, kwenye ghala la mkonge. Katibu akamsimamisha baba.

"Bwana kitalu, waeleze wananchi. Miche imekufaje?"

Nilimwangalia baba. Alitakiwa aseme: ulituoshesha kioo, ukafunga madirisha, jua likaiua. Maneno hayo tu. Lakini baba alikuwa amejifunza Kiswahili cha ofisini, kile ambacho ndani yake hakuna mtu anayefanya jambo. Chombo kimevunjika. Fedha zimepotea. Gari limepinduliwa. Akakohoa, akatazama chini.

"Ndugu katibu," alisema, "miche imeuawa na mwanga."

Mwanamke mmoja nyuma akajipiga kofi la paja.

"Si tulisema!"

Kwa nini washangae? Nani amewahi kusikia mwanga wa jua unaua mmea? Mtoto wa darasa la kwanza anajua mmea unataka mwanga. Katibu mwenyewe alikuwa ametufundisha hivyo. Basi mwanga wa kuua alibaki mmoja tu, yule anayewanga, anayezunguka nyumba za watu alfajiri bila viatu. Na mwenye kumtaja ni mwanawe wa kumzaa! Ushahidi gani tena unataka? Vichwa vyote viligeuka kumtazama bibi, aliyekaa chini kwenye gunia karibu yangu.

Nilimvuta baba shati. Nikamwambia, "Baba, hawakuelewa. Sema jua. Sema *umeua*, usiseme *imeuawa*. Sema!" Alinisikia. Nasema alinisikia, maana alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kisha akamtazama katibu. Katibu naye alikuwa amelielewa lile neno sawasawa, nililiona usoni mwake. Alikuwa ameshusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Baba akaketi.

"Serikali haitambui mambo ya uchawi," katibu alisema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Lakini wananchi mmesikia wenyewe. Mimi sina la kuongeza."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Mimi huwa nawajibu kwamba ulimi wa baba haukujikwaa. Ulipita panapopitika.

Hawakumpiga bibi, nawashukuru kwa hilo. Walimsusa tu. Hakuna aliyemwitikia hodi, akisogea kisimani wengine wanainua ndoo zao nusu wakaondoka. Watoto waliokuwa wakimpa shikamoo mbio mbio wakawa wanapita mbali kimya, na hilo ndilo lililomvunja kabisa. Siku moja alifunga kanga zake, akapanda lori lililokuwa linakwenda Mikumi, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Baba alimpandishia mzigo. Hawakusemezana.

Masika yakaja, hatukupanda kitu. Yakapita. Katibu akahamishiwa kwingine, na siku baba alipopata habari hiyo alivaa shati lake la kanisani, akaniambia tumfuate bibi.

Tulimkuta uani kwa shangazi, anachambua mchicha, amekonda. Baba alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?"

"Tumekuja kukuchukua. Yule bwana ameondoka. Sasa nitasimama niwaambie watu ilikuwa jua."

Bibi aliendelea na mchicha wake. Alichagua majani mazuri huku, mabovu kule, bila haraka.

"Kumbe ulijua wamekosea."

"Nilijua, mama."

"Papo hapo?"

"Papo hapo." Baba alikuwa analia sasa, mtu mzima, mbele yangu na mbele ya shangazi. "Nilimwogopa katibu."

Bibi akaweka ungo chini. Akamfuta machozi kwa pindo la kanga yake, kama mtoto, akamshika kidevu.

"Ulimwogopa katibu," alisema. "Mimi hukuniogopea."

Kisha akamwomba shangazi atupikie chakula, maana njia ni ndefu na gari la kurudi Kilosa linawahi. Tulikula. Tukarudi wawili.