Msiba Usio na Maiti

Ukiuliza habari za Penina Ndahani hapa Chang'ombe, watakwambia ni yule mwanamke aliyechezea kifo. Mwulize huyo anayekwambia kama alikuwepo, utaona anavyobabaika. Mimi nilikuwepo. Naitwa Stumai, fundi cherehani, kwetu ni Busi kule Kondoa, na jambo hili limenikaa kooni tangu mwaka juzi. Leo nalitoa, na atakayeudhika audhike.

Penina ana kibanda cha fotokopi jirani na ninaposhonea. Ni mrefu, mkimya, hajaolewa, na wakati huo alikuwa akiishi na mama yake, Bi Emilia, mama wa Kigogo aliyekuwa na maradhi ya moyo, miguu ikimvimba mpaka viatu vinamkataa. Wateja wakipungua, Penina huandika. Hatungi riwaya wala mashairi. Anaandika watu, kila mtu nusu karatasi: wewe ni nani, unataka nini, unaficha nini. Jumamosi mchana tulikuwa tunakutana watu wanane au tisa kwenye darasa la chekechea moja ya mtaani, mwenyewe alikuwa akituazima. Kila mmoja anasoma nusu karatasi yake kimya, Penina anapiga makofi, na kuanzia hapo mimi si Stumai tena. Hakuna maneno ya kukariri wala jukwaa. Tunasema yanayotujia, tunagombana, tunapatana, mpaka apige makofi tena.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna mtazamaji. Zamani aliwahi kuigiza kwenye kikundi kilichozunguka vijijini kuelimisha watu habari za vyoo na vyandarua, akachoka kuona wazee wazima wameketishwa juani wanafundishwa kunawa mikono. Baadaye akasoma kwenye simu kwamba ziko nchi ambako watu hukutana wakaigiza bila kutazamwa na yeyote, kwa raha zao tu. Akasema hiyo ndiyo anayoitaka. Kwa hiyo kwetu mtu akiingia mchezo ukiwa unaendelea, naye keshakuwa mchezaji. Akija kuomba maji, basi ni jirani amekuja kuomba maji, na anapewa.

Tulicheza mengi. Kulikuwa na ule wa watu watano waliouziwa kiwanja kimoja, wakakutana hapo siku ya kupimiwa. Kulikuwa na ule wa kijiji ambacho mvua imekataa na kila mmoja anadhani anamjua aliyeifunga. Humo Abuu muuza mkaa, Mwislamu mwenzangu, alikuwa mchungaji wa kanisa, akaomba mvua kwa uchungu mpaka Ruthu, ambaye mumewe ni mchungaji wa kweli, akaitikia amina. Tulicheka wiki nzima. Hakuna aliyedhurika, hakuna aliyelewa, hakuna aliyeiba mume wa mtu. Niambie ni burudani gani nyingine hapa mjini utakayoisemea hayo.

Kisha Penina akaandika ule wa msiba. Baba amefariki, watoto hawaelewani azikwe mjini au arudishwe kwao Mvumi. Ruthu alikuwa kitinda mimba anayefika kwa kuchelewa. Abuu alikuwa mtoto wa kwanza, kazi yake kukaa nje barazani na kupokea watu. Makofi yakapigwa. Ruthu akaingia, akaona pale palipodaiwa kuwa na maiti, akapiga ukunga ambao mimi mwenyewe niliyejua ni mchezo nywele zilinisimama.

Sasa, kwetu ukunga wa msiba ni wito. Huulizi, unakwenda. Wa kwanza kufika alikuwa Dorkasi, ambaye sisi wadogo tunamwita Mama Joshua. Alikuta Abuu kajiinamia barazani.

"Nani, mwanangu?" akauliza.

Abuu, kwa sheria ile ile ya kwamba anayeingia ni mchezaji, akajibu kama alivyoandikiwa. "Baba yetu, mama. Katutoka."

Dorkasi hakuuliza baba yupi. Mfiwa hahojiwi. Alimkumbatia, akalia naye kidogo, akaondoka mbio kwenda kuwaita wenzake wa kikundi cha kufa na kuzikana. Abuu akabaki anashangaa jinsi mama yule anavyojua kucheza.

Sisi ndani tulikuwa tumezama kwenye ugomvi wa Mvumi au mjini. Penina alisikia watu wengi nje, akadhani Abuu kawaita wenzake wa kijiweni waje kuukuza mchezo, akafurahi sana. Alipotoka hatimaye kuwatazama, turubai lilikuwa limekwisha simama. Viti vimepangwa. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanapuliza moto chini ya jungu, unga umeletwa, kuni zimeletwa, wanaume wamevua kofia. Na mwenyekiti wa kikundi, Ebenezer, alikuwa amesimama katikati akiuliza kaburi lichimbwe wapi.

Penina alipiga makofi. Ndivyo alivyozoea. Watu wakamtazama.

Kisha akasema kweli, na akapiga magoti palepale kwenye vumbi mbele ya kina mama, akaomba radhi huku analia. Hilo la magoti hutasimuliwa na mtu, ndiyo maana nalisimulia mimi. Dorkasi alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa amemzika mwanawe Joshua miaka michache nyuma, na machozi aliyoyamwaga kwenye bega la Abuu yalikuwa ya Joshua. Hasira yake naielewa mpaka leo, wala simlaumu kwa kutupa mwiko na kwenda zake.

Ya Ebenezer siielewi. Aliitisha kikao, akasimama na suti yake, akasema Penina ameleta uchuro mtaani. Achome karatasi zake zote mbele ya wanachama na aape kwamba hatacheza tena. Akikataa, yeye na nyumba yake kikundi hakiwajui. "Wakifiwa, wazikane wenyewe," akasema.

Nyumba yake! Nyumba ya Penina ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mgonjwa wa moyo. Kila aliyekuwa kwenye kile kikao alijua ni maiti ya nani inayozungumzwa, na mwenyewe bado anapumua nyumba ya tatu kutoka pale. Nilinyanyua mkono. Nikawakumbusha msiba wa mwaka uliotangulia, pale Marko, Mhehe, mtani wa marehemu, aliposhuka kaburini, akalala chali, akadai kwa sauti ya marehemu kwamba amechoka kusubiri, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Ebenezer huyu huyu alicheka mpaka akashikilia jembe asianguke. Nikauliza, ule haukuwa mchezo?

"Mtani ana ruhusa yake toka kwa mababu," akanijibu. "Huyu ruhusa kapewa na nani?"

Wakapiga meza. Nikakaa. Nilikuwa na hasira, kwa sababu mababu hawakuitisha kikao chochote ili kumpa mtani ruhusa. Waliona watu wamefiwa, wanahitaji mtu wa kuwachekesha, basi.

Penina alisema maneno machache. Kuomba radhi ameomba na ataendelea kuomba. Kuchoma, hachomi. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na nyingine zikamfungia mlango huku anabisha. Mwenye chekechea akachukua ufunguo wake. Ruthu akakatazwa na mumewe. Wengine wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, watu niliokula nao. Tukabaki watatu, Penina, mimi na Abuu.

Kisha Bi Emilia akazidiwa, akalazwa, akarudi amekonda isipokuwa miguu. Nilikwenda kumwona, nikamkuta Penina uani ameshika boksi la karatasi zake na kiberiti.

"Unafanya nini?"

"Siwezi kumchimbia kaburi peke yangu, Stumai," akasema. "Nimeshindwa."

Aliyejibu ni Bi Emilia, kutoka kwenye mkeka alipokuwa amelala kivulini.

"Nani kakwambia mimi ni maiti?" Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na hasira kuliko yangu. "Weka hilo boksi chini. Nimesema weka. Miaka yote unacheza na watu wa nje, mimi mama yako hujaniandikia hata kipande. Niandikie. Huo msiba wangu wanaonikatalia, tuucheze, niuone."

"Mama, jamani."

"Niandikie Ebenezer."

Penina akakaa chini, akachukua kalamu. Akaandika huku anasoma kwa sauti: Wewe ni Ebenezer, mwenyekiti. Unataka kuheshimiwa. Akafika kwenye unaficha nini, akakwama.

"Andika anaogopa," Bi Emilia akasema.

"Anaogopa nini?"

"Anachoogopa kila mtu. Kwamba siku yake watakuja wachache."

Jumamosi tukacheza uani kwao, watu wanne. Bi Emilia aliketishwa kwenye kiti, amevaa koti la marehemu mumewe. Aliyekufa ni Emilia, yuko ndani amelazwa. Abuu na mimi ni majirani. Penina alikuwa yeye mwenyewe, hilo alilitaka mama. Makofi yakapigwa, Penina akaanza kumsihi mwenyekiti amzike mama yake, na mwenyekiti akawa anamjibu kwa kanuni, kidole juu, koo limekazwa, Ebenezer mtupu. Nilicheka nikiwa nalia. Halafu kilio kikanitoka kweli, sikuweza kukizuia, na kilio kile kikapita ukuta.

Walikuja, lakini safari hii walikuja kugombana. Ebenezer mbele, Dorkasi na wengine nyuma yake. Akasukuma lango la bati.

"Mmerudia tena!" akafoka. "Kwani ninyi ni watu wa namna gani?"

Bi Emilia hakushtuka. Alimtazama kutoka ndani ya lile koti kubwa.

"Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo. "Karibuni msibani. Mimi ndiye mwenyekiti. Emilia amefariki, yumo ndani. Nimeamua hatumziki. Natafuta mtu wa kuniunga mkono. Wewe unasemaje?"

"Mama Penina, acha haya mambo. Unaumwa."

"Emilia haumwi tena. Amekufa. Sema mbele ya watu, tusikie."

"Kikundi kina kanuni zake, mama."

"Kanuni nimekwisha zisema mimi. Wewe sema hilo lenyewe. Sema, Emilia hatutamzika."

Sisi wote tulikuwa tunamtazama. Angeweza kucheka, angeweza kuomba yaishe, angeweza kugeuka aondoke, hakuna ambaye angemshika. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Hatutamzika," akaongeza, "mpaka karatasi zichomwe."

Alimwambia mtu usoni kwamba hatamzika. Sijawahi kusikia jambo baya kuliko hilo, na nimeishi kwenye ndoa mbili.

Bi Emilia alifunga macho. Nadhani alidhani hatalisema. Penina akanyanyua mikono apige makofi amalize, lakini Dorkasi alikuwa amekwisha mpita Ebenezer.

"Mimi sijasema hivyo," Dorkasi akasema. Alivua ndala zake, akafungua khanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Kisha akanigeukia mimi, jirani wa kwenye mchezo, au mimi Stumai, sijui alimwuliza nani.

"Maji ya kumwoshea yako wapi?"

Nikamwonyesha pipa. Akachota, akaja, akapiga magoti na kuanza kuosha ile miguu iliyovimba, taratibu, kidole kwa kidole. Analia, na Bi Emilia anamshika kichwa. Kina mama wengine wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Ebenezer aondoke. Aliondoka.

Karatasi hazikuchomwa. Bi Emilia alifariki mwaka jana, masika yakiwa yanaisha, na aliyemwosha ni Dorkasi. Turubai lilisimama kabla hatujapata nguvu za kuliulizia, kikundi kizima kilikuja, hata wale wa upande wa pili wa barabara. Na Ebenezer alikuja. Alikuja na suti, akachukua kiti cha mbele, na ulipofika wakati wa wasifu akasimama bila kuitwa. Akasema marehemu alikuwa mama yetu sote. Akasema mtaa huu hautupi mtu wake. Akatoa leso, akajifuta macho, na sauti ikamkatika kabisa.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyaweka karibu mwaka mzima, na nilitaka ayasikie mbele ya jeneza lile lile alilolikataa. Penina akanishika mkono, akanibana mpaka kucha zikaingia.

"Kaa chini, Stumai," akasema. "Leo namzika mama yangu."

Nikakaa.