Mashine Iliyomeza Maneno ya Baba

Mama yangu ana ugonjwa wa usafi. Ukiweka kikombe mezani ukageuka kidogo tu, ukirudi kimeshaoshwa na chai yako imemwagwa. Ukilalamika anakujibu, "Si nimekuta hakuna aliyekishika?" Baba aligombana naye kila siku kwa ajili hiyo, na ugomvi wenyewe mtaa mzima uliusikia, maana Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Mdomo ndio uliokuwa kazi yake.

Kisha koo likaugua, madaktari wakakata walichokata, uhai ukabaki, sauti ikaenda.

Mimi naandika programu. Ofisini kwetu tunatengeneza vifaa vya watu kama Baba: unaandika, mashine inasema. Upande wa maandishi ni wangu, nimeuandika kwa lugha ya kisasa ya kompyuta yenye mfagiaji wake wa ndani. Kitu kisichoshikwa na mtu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mfagiaji anakizoa na nafasi yake inapewa kitu kingine. Mama yangu kabisa! Upande wa spika umeandikwa na mwenzangu tunayemwita Mkongwe kwa C, lugha ya zamani ya kompyuta, na C haina mfagiaji. Huko kila mtu anajizolea taka zake.

Nikampelekea Baba mashine. Maneno mafupi yalitoka safi: "Maji." "Zima taa." Lakini Baba lini amekuwa mtu wa maneno mafupi? Akiandika marefu, mashine inaanza vizuri, ikifika katikati inaropoka: "Mwambie jirani ukuta wake umeingia kwangu na nisipo betri asilimia ta ta ta." Wageni wakacheka. Baba hakucheka. Jumapili akaisukuma mbele yangu, akachukua karatasi, akaandika: "Irudishe. Nitanyamaza tu." Na kweli akanyamaza, hata maji hakuomba tena, anainuka kuyachota mwenyewe. Nililia njiani, halafu nikakasirika.

Jumatatu nikamvaa Mkongwe.

"Upande wangu mzima," akasema kabla sijakaa. Ndiyo salamu yake. Hata jengo likiwaka moto, upande wake mzima. Akaandika, "Moja, mbili, tatu," na mashine ikasema moja, mbili, tatu. "Umeona?"

"Baba yangu hahesabu, kaka! Baba yangu anaongea!"

Tukazozana mpaka watu wakahamisha viti. Mwisho nikamuuliza swali ambalo tungeulizana siku ya kwanza kama tungekuwa na akili.

"Nikikupa maneno, unayanakili kwako?"

"Niyanakili ya nini? Unanipa anwani yalipo, nayasoma hapo hapo huku spika inasema."

"Na unanijibu lini kwamba umemaliza?"

"Sikujibu nimemaliza. Nakujibu nimepokea. Papo hapo, ili skrini yako isigande."

Jamani! Nikashika kichwa. Yeye anasema amepokea, mimi naelewa amemaliza, nayaachia maneno. Mfagiaji anapita, haoni mkono wa mtu, kwa sababu mikono ya upande wa C haioni kabisa. Anayazoa, hapo inakuja kukaa taarifa ya betri, na Mkongwe wa watu anaendelea kusoma tu! Maneno mafupi yalipona kwa kuwa yalikwisha kabla ya ufagio kufika.

"Basi nakili," nikamwambia.

"Kumbukumbu ya kifaa ni ndogo. Nakili wewe."

"Nikinakili mimi si mfagiaji atazoa na nakala? Sikiliza. Nitayashikilia mimi, siyaachii, mpaka upande wako uniambie umemaliza. Umemaliza kweli, siyo umepokea!"

Akanung'unika kama nimemwomba figo, lakini akaandika. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Wiki nzima ya mateso, jamani, kwa jambo hilo!

Jioni nikairudisha nyumbani. Baba akageuza uso ukutani.

"Sentensi moja tu, Baba. Ndefu kama unavyotaka. Ikikatika, naitupa mwenyewe."

Akageuka taratibu, akaitazama mashine. Kisha akapapasa mezani kutafuta miwani. Hakuna. Mama alikuwa ameshaipeleka kabatini. Nikaenda kuileta, naye akaanza kuandika, akigonga ile skrini kwa kidole kama anataka kuitoboa. Akabonyeza.

"Wewe mwanamke, tangu nitoke hospitali umenifichia miwani, umenimwagia chai, umefua shati nililotaka kuvaa, na umefanya yote hayo kwa raha zako kwa sababu ulijua siwezi kukujibu, sasa leo nakwambia, nikiweka kitu mezani kiache hapo hapo mpaka niseme nimemaliza!"

Ilifika mpaka mwisho, neno kwa neno. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vumbi mkononi, midomo ikimcheza. Akavuta kiti akakaa mbele ya Baba.

"Sijasikia vizuri," akasema. "Hebu rudia yote."